Uliniuliza kama ni wanafunzi au vibarua

Pasua, Moshi
Jumapili jioni

Marahaba, mwanangu.

Sisi hatujambo. Joto la Januari unalijua, tunalala madirisha wazi na mbu wanatushukuru. Mama yako anasema hela ya dawa imefika, asante.

Ujumbe wako niliusoma Ijumaa nikiwa karakana, miwani imejaa vumbi la mbao, nikadhani nimesoma vibaya. Nikaifuta, nikasoma tena. Uliandika: "Baba, taarifa ya mwaka ya shule yenu ya ufundi nimeisoma yote. Hongereni kwa kumaliza madeni. Ila naona mapato ya karakana sasa yamepita ada na misaada vikijumlishwa. Hao waliotengeneza madawati yote hayo ni wanafunzi au ni vibarua wenu?"

Nilianza kukujibu palepale, na jibu lenyewe halikuwa zuri. Mama yako akaichukua simu. Akasema, tumemsomesha mtoto uhasibu, leo akiuliza la kihasibu unanuna? Basi nimekaa nalo siku mbili, nimechukua karatasi, na mdogo wako atazipiga picha kurasa hizi akutumie.

Jibu fupi ni kwamba kuna wiki walikuwa vibarua. Jibu refu linataka nikurudishe nyuma kidogo.

Wewe shule uliijua enzi za neema. Ulikuwa unapitia pale ukitoka shule ya msingi, unajaza maranda kwenye mfuko wa salfeti ukampelekee bibi awashie moto. Kontena la vifaa linakuja kutoka Ujerumani, wafadhili wanalipa mishahara, ada ni kama shukrani tu. Kazi za kuuza zilikuwa za hoteli na za kampuni za kupandisha wageni mlimani: vitanda, meza, viti vya barazani. Hatukuwa na sababu ya kujua dawati moja linagharimu kiasi gani, na kwa kweli hatukujua.

Halafu ikaja 2020, mwaka wa korona. Tarehe 17 Machi shule zikafungwa, Aprili ndege za wageni zikasimama, na Moshi bila wageni wa mlima hata muuza ndizi wa Mbuyuni analia. Oda ya vitanda tuliyokuwa tumeshaikatia mbao ikafutwa kwa simu moja. Vyuo vilipofunguliwa Juni walirudi nusu ya wanafunzi. Wafadhili nao walikuwa na misiba yao huko kwao. Barua yao ilikuwa ya upole sana, lakini ilikuwa barua ya kupunguza.

Miezi tisa tulipokea nusu mshahara. Michango ya pensheni ya NSSF, ile asilimia 20 ya mshahara unayoijua, ikawa haipelekwi, inaandikwa tu daftarini. Ndio muhula ule uliponipigia ukasema wenzako wote wameshafanya usajili wewe bado, nami nikakwambia benki ina matatizo ya mtandao. Benki haikuwa na tatizo lolote. Mama yako aliuza ndama.

Sasa nikueleze kitu ambacho hakimo kwenye taarifa, kwa sababu hakina safu yake. Karakana isiyo na akiba haifi kwa kukosa kazi, inakufa kwa mbao mbichi. Ukiwa na fedha unanunua saipres leo, unaipanga, unaitumia baada ya miezi sita. Ukiwa huna, unangoja mteja alipe nusu, unakimbia na ile nusu kununua mbao iliyopasuliwa juzi, bado inatoa maji ukiipiga randa. Dawati linatoka zuri kabisa. Linapelekwa shuleni, linakaa darasani chini ya bati miezi miwili, mbao inasinyaa, ubao wa juu unapinda kama kigae, skrubu zinacheza. Yalirudishwa madawati arobaini kwa mara moja, kwenye fuso, saa ya mapumziko, wanafunzi wote wamesimama wanatazama. Tuliyatengeneza upya bure. Kwa hiyo umaskini ulitufanya tununue mbao mbaya, na mbao mbaya ikatuongezea umaskini. Kwenye vitabu vyako sijui mnaiitaje.

Aliyetuzindua ni mama wa stoo. Unamkumbuka, yule aliyekuwa anakupa pipi. Siku moja baada ya kazi aliligeuza dawati miguu juu kwenye meza ya kazi, akavaa miwani, akaniambia, mwalimu, kaa hapa, wewe taja mimi naandika. Nikataja mbao. Nikataja skwea paipu. Nikanyamaza. Akaniuliza, na vipande vinavyobaki bomba likishakatwa miguu? Nikasema vile ni mabaki. Akasema, mabaki tuliyapewa bure? Akaandika. Rodi za kuchomelea, akazihesabu kwa kuangalia maungio. Diski ya grinda, dawati moja linakula robo. Boliti kumi na mbili na nati zake. Msasa. Rangi ya mafuta na thina. Vanishi mkono wa kwanza, na mkono wa pili ambao mimi nilikuwa siuhesabu kwa sababu nilizoea kuumalizia na kopo la kazi nyingine. Uniti za umeme wa LUKU. Fuso la kupeleka. Tulimaliza saa mbili usiku kwa tochi ya simu.

Dawati tulikuwa tunaliuza 65,000. Kulitengeneza, bila kuhesabu hata senti ya mshahara wangu, ilikuwa 78,200. Mwaka ule tulikuwa tumeuza 240. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya milioni 3 tulizowalipa wateja ili watuchukulie madawati, huku tukijisifu kwenye vikao kwamba tunaihudumia jamii.

Baada ya hapo ndipo lilipouzwa lile gari jeupe la shule, ambalo ulijifunzia kuendesha ukagonga mwembe. Bodi ililumbana sana. Wengine wakasema gari la wafadhili haliuzwi, ni laana. Tukawaandikia wafadhili, wakajibu mistari miwili: uzeni. Vita ikahamia kwenye fedha yenyewe. Walimu tulitaka malimbikizo yetu, na mimi nilikuwa mbele kabisa kwenye foleni hiyo, sikufichi. Mama wa stoo akasema tukiligawana gari litakwisha kabla ya Pasaka, tukilinunulia mbao litakuwepo Pasaka ijayo. Nilinuna wiki nzima. Alikuwa sahihi.

Hayo marundo uliyoyaona Desemba nyuma ya karakana, ukauliza mbona mmejaza mbao na hamzitumii, ndiyo lile gari. Saipres na paina za upande wa West Kilimanjaro, zimenyanyuliwa kwenye matofali, kila safu ina vijiti katikati upepo upite, ncha zimepakwa rangi iliyobaki zisipasuke. Kila rundo lina mwezi wake kwa chaki. Hatuna kifaa cha kupima unyevu. Tunachukua kipande kimoja cha sampuli, kila Ijumaa tunakiweka kwenye mizani ya jikoni, na uzito ukigoma kushuka wiki tatu mfululizo rundo linafunguliwa. Tangu tuanze hivyo hakuna dawati lililorudi kwa kupinda. Yamerudi mawili kwa sababu ya miguu, na hilo ni la idara ya uchomeleaji, waulize wao.

Mengine yalikwenda haraka. Bei tuliipandisha, wateja wachache wakaondoka, waliobaki wakalipa. Akaunti ya karakana ikatenganishwa na ya shule, jambo ulilokuwa umenishauri mwaka mmoja kabla nikakwambia huko ni kujitia uzungu. Mwaka 2024 mkondo wa amali, yaani wa ufundi, ulipoanza kidato cha kwanza, watu wakagundua ghafla kwamba ufundi unahitaji meza ya kazi na jiriwa, zikaja oda ambazo hatukuwahi kuziota. Za serikali zinapita NeST, ule mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, na mimi nilijifunza kuitumia kwa machozi. Mwaka jana tumemaliza deni la NSSF na malimbikizo ya walimu. Mimi nililipwa ya mwisho Oktoba. Mama yako amerudisha ndama.

Ndipo nafika kwenye swali lako.

Oda kubwa ya mwaka jana iliingia Februari. Madawati mengi, muda mfupi, na faini kila siku tukichelewa. Tukagawa kazi kama kiwanda: huyu akate, huyu arande, huyu atoboe, huyu apige msasa. Wiki sita. Ilikuwa raha kuona, sikufichi, ile karakana ilikuwa inalia kama mzinga. Tukamaliza siku nne kabla ya tarehe. Bodi ikatununulia soda.

Mwezi Mei nilikuwa nawaandaa wa mtihani wa cheti cha ufundi, NVA, ngazi ya pili. Nikawapa kiungo cha ulimi, ncha ya mbao moja unaichonga iingie kwenye tundu la nyingine, kazi ambayo zamani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliifanya kabla ya Krismasi. Kuna kijana mmoja, mikono mizuri, mtulivu, nilikuwa namtegemea. Nikamkuta ameshika patasi kama mtu anayeshika msumari wa moto. Ulimi wake ulikuwa unacheza ndani ya tundu, ungeweza kupitisha kidole. Nikamuuliza, hii vipi tena? Akanijibu kwa heshima kabisa, bila kulalamika: "Mwalimu, mimi ni wa kutoboa."

Siku ile sikula mchana. Mtoto wa watu amelipa ada, mama yake anauza mitumba Kiboriloni ili mwanawe atoke fundi, nami nimempa cheo cha kutoboa matundu ya boliti. Fedha ya lile tundu ndiyo iliyonilipa malimbikizo yangu. Kwa hiyo ndiyo, mama, kwa wiki sita walikuwa vibarua, tena vibarua wanaolipa ili wafanye kazi. Sheria ya kazi hatukuivunja, mashine za kukata hazikushikwa na mtoto wa chini ya miaka 18, hilo nililisimamia mwenyewe. Lakini najua hukuuliza hilo.

Tukabadilisha. Ukutani kuna ubao wenye majina upande mmoja na kazi upande wa juu, na mtu akifanya kazi ileile siku tano, ya sita hapewi hata oda ikiungua. Oda ikizidi tunawaita waliohitimu, tunawalipa kwa kipande. Wapo watano wenye kikundi chao, walikwama mikopo ya halmashauri iliposimamishwa 2023, iliporejeshwa wakapata ile ya vijana, sasa wanapanga meza mbili kwetu na wanatulipa kodi. Na kila dawati linaacha kiasi kwenye mfuko wa vifaa, ili mwanafunzi akihitimu aondoke na patasi, randa, msumeno na tepu vyake. Haya yote yanakula faida. Septemba tuliikataa oda moja nzima, na mwenyekiti wa bodi hakunisalimia kwa wiki mbili.

Sasa na mimi nikuulize, mkaguzi. Ukurasa wa nne, chini ya matumizi ya karakana, kuna mstari "malipo ya mafundi wa nje". Umeupita? Sehemu kubwa ya mapato yaliyokushtua kuanzia Juni imepita mikononi mwa hao waliohitimu, na wamelipwa. Ila nakubali kwamba msomaji hawezi kulijua hilo kwa kutazama jumla. Taarifa inataja madawati mangapi yametoka, haisemi ni saa ngapi za mwanafunzi zilizoingia humo na katika hizo ni ngapi alikuwa anajifunza kitu kipya. Sheria inatutaka hesabu zilizokaguliwa, na hizo tunazo. Saa za mwanafunzi hakuna anayetudai, nasi tulikuwa tumeridhika asitudai mtu.

Nisaidie kuzipangia safu. Ubao wa ukutani ninaunakili kwenye daftari kila Ijumaa tangu Juni, kwa hiyo data ipo, mwandiko tu ndio wa seremala. Nataka taarifa ya mwaka huu itoke nazo, hata kama zitatuaibisha. Mwenyekiti atasema tunajivua nguo mbele ya wafadhili. Hilo niachie mimi.

Yule kijana alirudia kiungo cha ulimi mara kumi na moja, nilizihesabu. Cha kumi na moja kiko mezani kwangu hapa ninapoandika, nimekizuia nacho karatasi zisipeperuke. Kimekaza hata bila gundi.

Ukija Pasaka njoo na kompyuta yako, na viatu vya kufunga, si zile ndala. Rundo la upande wa mwembe lina chaki ya Oktoba, tutakuwa tunalifungua wiki hiyo.

Baba yako