Askari 5, rangi ngapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina sanamu 5 za askari, za plastiki, kila moja ina urefu wa milimita 28 hivi. Sijawahi kupaka sanamu ndogo namna hii. Nimeona seti ya rangi 50 na brashi 10 nyembamba kama sindano. Niichukue? Na rangi za akriliki nilizo nazo za kuchorea picha, hazifai?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Seti hiyo iache. Nilianza na seti kama hiyo, na rangi nyingi zilikaukia chupani kabla sijajua kazi yake. Askari 5 wanatoshwa na rangi 8: nyeusi, nyeupe, nyekundu, buluu, manjano, kahawia, rangi ya ngozi na ya fedha. Kijani utakipata ukichanganya manjano na buluu. Ya fedha ndiyo usiyoweza kuichanganya mwenyewe, maana ina chembe zinazometa.

Akriliki zako za picha ni nzito, nyingi zimetengenezwa zionyeshe alama za brashi kwenye turubai. Juu ya uso usiozidi punje ya harage, pua na mdomo vitafukiwa. Zitumie kwenye kile kibao anachosimamia askari. Kwa mwili wake tafuta rangi za sanamu, kama za chapa ya Vallejo au Citadel. Mimi napenda chupa za kudondosha: unahesabu matone, hivyo mchanganyiko wa jana unaweza kuurudia leo.

Sasa brashi, na hapa ndipo nakuomba usibane pesa. Wanaoanza hukimbilia iliyo nyembamba kuliko zote, kumbe hiyo haibebi rangi. Tone linakauka kabla halijafika kwenye sanamu. Kinachochora ni ncha, wala si wembamba. Chukua namba 1 yenye tumbo nene na ncha kali. Ilowanishe, ikung'ute mara moja: nywele zikikutana pamoja kama ncha ya mwiba, ni nzuri. Za manyoya ya kolinski, mnyama mdogo jamii ya kicheche, ndizo zinazodumisha ncha. Ongeza moja ya bei nafuu, ya nailoni, kwa kuchanganyia na kwa rangi ya fedha. Rangi isipande hadi kwenye shingo ya chuma. Ikikaukia humo, nywele hupanuka na ncha haitarudi.

Andakoti, yaani rangi ya msingi inayotangulia nyingine, ni lazima. Plastiki hainywi rangi, kwa hiyo ukipaka moja kwa moja, kucha tu inaibandua. Osha sanamu kwa maji ya sabuni, zikauke kabisa, kisha pulizia ya kijivu isiyong'aa, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye sanamu, mkono ukipita bila kusimama. Fanyia nje, na ufunike pua. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, subiri. Niliwahi kupulizia mvua ikinyemelea, na sanamu zote zikatoka na chenga kama zimemwagiwa mchanga.

Paleti, kile kibao cha kuchanganyia rangi, usinunue. Chukua kopo bapa lenye mfuniko, weka sponji iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea, basi. Rangi itabaki laini kwa saa nyingi. Iongezee maji hadi iwe kama maziwa, upake mara 2 kwa wepesi, ya kwanza ikiwa imekauka. Mkono wa kwanza utaonyesha madoa ya kijivu. Usiogope na usiongeze uzito, wa pili utayafunika.

Pesa ikibaki, nunua chupa moja ya rangi nyepesi ya kivuli, ya kahawia. Hutiririka yenyewe kwenye mikunjo ya nguo na kati ya vidole, na ghafla askari anakuwa na umbo. Hiyo naipenda kuliko zote.

Anza na yule utakayemsimamisha nyuma ya wenzake, uanze na buti zake. Macho yaache kwanza. Ukifika kwa askari wa 3 niandikie, tutayazungumza.