Usirekebishe Q0 ili hesabu ikubali

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, kwetu Malindi. Nilichota mchanga mweusi wa Mambrui, nikaupeleka nje ukapigwe nyutroni kwenye kinu cha nyuklia cha utafiti, maana hapa Kenya hatuna. Natumia njia ya k0, inayokokotoa kiasi cha elementi kwa kulinganisha mionzi yake na ya dhahabu. Dhahabu ya kulinganishia nilipewa na sonara wa Lamu, kipande safi. Namba mbili zinazoeleza nyutroni za kinu ni f na alfa: thamani ya f, ambayo ni 20, niliitoa kwenye makala ya kinu kingine kidogo, na alfa nimeweka sifuri. Sasa zirkoniamu ileile, nikiihesabu kwa isotopu yake yenye mionzi, Zr-97, inatoka pungufu ya ile ya Zr-95 kwa kama asilimia 40. Mwenzangu ananishauri nirekebishe Q0 ya Zr-96 (mama wa Zr-97), yaani konstanti inayoonyesha kiini kinavyonyonya nyutroni zenye mbio kulinganisha na zilizotulia, mpaka majibu mawili yalingane, kisha niandike kuwa nimepima konstanti mpya. Inafaa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haifai, na mwenzako huyo mwambie nimekataa kwa sauti. Kila msimu wa tasnifu ukikaribia napata maswali ya namna hii: hesabu imegoma, basi lawama anatupiwa Q0, ambaye hana mdomo wa kujitetea.

Q0 ya Zr-96 iko kwenye 250 hivi. Imepimwa ikarudiwa kupimwa tangu wanasayansi Simonits, De Corte na Hoste walipoleta njia ya k0 mwaka 1975, kazi iliyofanyika baina ya Budapest na Ghent. Ukiona sampuli yako inaipinga kwa kiasi hicho, usishuku kiini cha atomu. Shuku f yako.

Hapo ndipo wengi wanaponichosha. k0, konstanti iliyoipa njia hii jina, na Q0 ni mali ya kiini: ukivibeba kutoka Ghent hadi Malindi vinabaki vilevile. f na alfa si hivyo. f ni uwiano wa nyutroni za thamo, zile zilizokwisha kutulia, kwa zile za epithamo ambazo bado zina mbio. Alfa inaeleza mteremko wa hizo za epithamo. Zote mbili ni mali ya tundu ulimoweka sampuli: maji yaliyolizunguka, umbali wake na fueli, hata vijiti vya kudhibiti vimekaa wapi siku hiyo. Matundu mawili ya kinu kimoja yanaweza kutofautiana sana, sembuse vinu viwili. Nahodha wa Lamu haingii mlango wa bahari wa Mkanda kwa kina cha maji alichopima mwenzake Shela.

Tufanye hesabu yako. Njia ya k0 huzidisha kwa f jumlisha Q0 ya dhahabu, ambayo ni 15.7, kisha hugawanya kwa f jumlisha Q0 ya isotopu unayoitumia. Tuseme f halisi ya tundu lako ni 40, na alfa tuiache kando kwanza. Kwa Zr-97, inayotoka Zr-96, ungepaswa kupata 55.7 gawanya kwa 290, yaani 0.192. Wewe kwa f ya 20 umepata 35.7 gawanya kwa 270, yaani 0.132. Umeshuka asilimia 31. Sasa njoo Zr-95, inayotoka Zr-94 yenye Q0 ya 5.3 tu: badala ya 1.23 umepata 1.41, umepanda asilimia 15. Moja imeshuka, nyingine imepanda, na ya kwanza imekuwa pungufu ya ya pili kwa asilimia 40. Ndiyo tofauti yako, na hatujaigusa Q0 hata kidogo.

Dhahabu ya sonara nayo ina kesi yake. Usafi si hoja, unene ndio hoja. Dhahabu hunyonya nyutroni kwa pupa kwenye elektroni-volti 4.9, kwa hiyo atomu za juu hula na za ndani hulala njaa. Kipande kinaonekana kama kilipigwa na nyutroni chache kuliko ukweli, na elementi zako zote zinapanda pamoja. Kosa hilo haliwezi kuzigombanisha Zr-95 na Zr-97, lakini litakuharibia tasnifu kimyakimya. Ndiyo maana watu hutumia waya wa aluminiamu wenye dhahabu asilimia 0.1 tu. Pete tumwachie bi harusi.

Rudi kwa wenye kinu, waombe mara moja zaidi. Peleka waya huo pamoja na kibati cha zirkoniamu safi chenye unene wa milimita 0.125, vikae kwenye kichupa kimoja na sampuli, kipande kimoja cha waya juu na kingine chini, uone nyutroni zinavyopungua njiani. Zr-97 nusumaisha yake, yaani muda wa kupungua nusu, ni saa 16.7, isome ndani ya siku mbili. Zr-95 ina siku 64, itakungoja. Isotopu tatu hizo, dhahabu ikiwamo, zitakupa f na alfa za tundu lako mwenyewe. Soma kwa sentimita 20 au zaidi kutoka kwenye kigunduzi cha mionzi, usiibandike sampuli pale kwa sababu una haraka.

Na mchanga uliuosha kwa maji gani? Kama ni maji ya kisima cha nyumbani, umeongeza chumvi juu ya chumvi ya bahari. Sodiamu-24, inayozaliwa chumvi ikipigwa nyutroni, ina nusumaisha ya saa 15, karibu sawa na Zr-97, kwa hiyo hata ukingoja haikuachii nafasi: zinakwisha pamoja, na kilele chako cha mionzi ya Zr-97, cha kiloelektroni-volti 743, kinabaki kimezama chini ya kelele zake. Osha kwa maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi, mara tatu.

Anayetaka kweli kupima Q0 namheshimu, ila ajue anaingia wapi. Apige vibati vitupu, apige vingine ndani ya kijaluba cha kadimiamu cha milimita 1, kinachozuia nyutroni za thamo, kwenye matundu yenye f tofauti, tena kwa vigunduzi zaidi ya kimoja. Namba ikitoka ileile kila pahali, hapo amepima. Kuisukuma namba mpaka jedwali lipendeze ni kupika, na mpishi wa namba hugunduliwa siku sampuli ya pili inapokuja.

Nasema haya kwa ukali kwa sababu mchanga huu wa pwani una wateja, na wajanja wamekwisha kujua kwamba neno "nyuklia" linauza. Karatasi yoyote unayoletewa, uliza ilipigwa nyutroni wapi, kwa f gani, spektra iko wapi. Mwaka jana bwana mmoja alinikuta barazani hapa Malindi na cheti chenye muhuri mkubwa: titani asilimia 98. Rutile, madini ya titani, ikiwa safi kabisa, isiyo na punje ya kitu kingine, haifiki hata 61, kwa kuwa iliyobaki ni oksijeni. Nikamuuliza kipimo kilifanyiwa kinu gani. Akanionyesha gari lililoegeshwa chini ya mwarobaini, akasema mashine iko kwenye buti.