Kuingiza kanda 600 za zamani: muda wa kutunza unaanza upya siku ya kuingiza

Mkuu, umesema mmerithi kanda 600 za LTO-4 (kanda za kuhifadhia data, kizazi cha nne) kutoka kampuni mliyoungana nayo, mnataka kuziingiza kwenye NetBackup yenu, yaani programu ya bakapu, na unauliza muda wa kutunza utakuwaje. Kazi hii nimeifanya kwenye taasisi za fedha hapa Dar, kwa hiyo nakueleza nilivyoiona.

Kubwa kuliko yote: NetBackup ikiingiza nakala (bakapu moja iliyoko kwenye kanda), haihesabu kuanzia siku bakapu ilipochukuliwa. Inashika tarehe ya siku unayoingiza, kisha inajumlisha muda wa kutunza. Nakala ya wiki moja iliyochukuliwa 2015 inapewa wiki nzima mpya. Nakala ya miaka 7 ya Januari 2020, ukiiingiza Machi 2026, itakaa hadi Machi 2033 wakati ilipaswa kwisha Januari 2027. Kwa hiyo tarehe za kuisha utakazoziona baada ya kuingiza zote si sahihi, na usizitumie kumjibu mkaguzi.

Kuna jingine linalojificha zaidi. Kanda haibebi maneno "miaka saba", inabeba namba ya ngazi ya muda wa kutunza tu. Maana ya namba hiyo iko kwenye seva. Ngazi ya 8 kwa kawaida ni mwaka mmoja, lakini seva ya wenzenu huenda iliifanya miaka 7. Ikifika kwenu itasomwa kwa tafsiri yenu. Kama seva yao bado inawaka, nenda leo ukaendeshe bpretlevel, amri inayoorodhesha ngazi na muda wake, na uhifadhi majibu yake. Kama imeshazimwa, mtafute aliyekuwa akiisimamia kabla hajapata kazi kwingine, maana bila yeye ni vigumu kuipata taarifa hiyo kwa uhakika.

Sasa piga hesabu ya muda. Kuingiza kuna hatua mbili. Hatua ya kwanza, amri ya bpimport yenye -create_db_info, inasoma vichwa vya nakala tu. Hatua ya pili ndiyo inayosoma data yenyewe kurudisha orodha ya mafaili. LTO-4 iliyojaa ina GB 800, na kwa kasi yake ya juu ya MB 120 kwa sekunde ni karibu saa mbili. Kanda 600 kwa draivu moja ni zaidi ya siku 45 bila kupumzika, na kiuhalisia ni zaidi ya hapo. Maana yake nakala za wiki moja ulizoingiza mwanzoni zitakuwa zimekufa kwenye katalogi (orodha ya NetBackup ya nakala zote) kabla hujafika katikati. Nakala zote za kanda zikiisha, kanda inaachiliwa, na kama kundi lake linarudisha kanda kwenye zile tupu, bakapu ya usiku itaandika juu yake. Hapo hakuna wa kukusaidia.

Ndiyo maana kabla ya yote sukuma kile kitufe cha kuzuia kuandika kwenye kila kanda. Kinachosha, lakini kifanye. Zitengee kanda hizi kundi lao peke yake, na hatua ya kwanza ikikamilika kwa kanda fulani, igandishe papo hapo kwa bpmedia -freeze. Kanda iliyogandishwa haiachiliwi hata nakala zake zote zikiisha, na bado unaweza kurejesha data kutoka humo. Hakikisha pia draivu zenu ni LTO-4, LTO-5 au LTO-6, kwa sababu LTO-7 haisomi LTO-4.

Baada ya hatua ya kwanza usikimbilie ya pili. Una orodha ya nakala, mashine na tarehe. Ipeleke kwa wanasheria na wahasibu waseme kipi kinabaki. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakataza kukaa na taarifa za watu kupita inavyohitajika. Fundi hapaswi kuamua hili peke yake, na majibu yao uyapate kwa maandishi. Mara nyingi sehemu kubwa ya kanda haina sababu ya kuingia hatua ya pili kabisa.

Zinazobaki, ingiza kwa mafungu, na kila fungu likimalizika sahihisha tarehe siku hiyo hiyo. Kitambulisho cha nakala kinaishia na sekunde tangu 1 Januari 1970: 1577836800 ni 1 Januari 2020, saa 9 usiku kwa saa zetu. Skripti fupi inasoma namba hiyo, inajumlisha miaka mliyokubaliana, kisha inaita bpexpdate, amri ya kubadili tarehe ya kuisha, kwa kila nakala. Amri hiyo ina pia chaguo la -recalculate, linalohesabu kuanzia siku ya bakapu yenyewe, ila ogopa kulitumia kwa jumla: tarehe ikitokea imeshapita, nakala inafutwa kwenye katalogi hapo hapo. Chapisha kwanza orodha ya tarehe mpya, isomeni watu wawili, ndipo uendeshe. Nakala za kesi iliyoko mahakamani zipe infinity (zisiishe kamwe) na uziandike kando.

Mwisho, kanda zenye muda mchanganyiko. Kanda inaishi kadiri ya nakala yake ndefu kuliko zote, hivyo nakala moja ya miaka 10 inashikilia mishahara ya watu iliyopaswa kuondoka zamani. Nakala hizo ndefu zinakilishe kwenye kanda mpya kwa bpduplicate, ukague kwamba zinasomeka, ndipo kanda ya zamani iende kuharibiwa kwa hati iliyosainiwa.