Shamba la Muheza na lile doa jeusi kwenye picha ya satelaiti

Mkuu, umeuliza kama lile doa jeusi kwenye picha ya satelaiti ya shamba unalotaka kununua Muheza ndo sehemu yenye rutuba, maana dalali kakwambia weusi ni mboji. Naomba usilipe kwanza, nikusimulie yaliyonikuta.

Nilikuwa na ekari 6 za mahindi huko huko, barabara ya kwenda Pangani. Kijana mmoja akanichorea ramani ya udongo kwa picha ya Sentinel-2, ile satelaiti ya Ulaya, kona ya chini ikatoka nyeusi, ya juu imepauka. Nikaamini. Samadi yote nikapeleka juu, chini nikapanda hivyo hivyo nikijua kuna utajiri, mahindi yakatoka mafupi, ya njano, inauma mpaka leo. Baadae nikapeleka udongo kupimwa Mlingano, kile kituo cha utafiti wa kilimo hapo Muheza, mboji ya kona zote mbili karibu sawa tu! Kumbe siku picha inapigwa trekta lilikuwa limepita chini juzi yake, juu bado.

Sasa sikiliza. Satelaiti ile inapita kwetu saa 5 kasoro hivi asubuhi, jua bado limeinama, madongoa ya trekta yale makubwa makubwa kila moja linatupa kivuli chake, na udongo uliogeuzwa unatoka na unyevu wa chini. Kivuli kinatia weusi, maji yanatia weusi, mboji nayo inatia weusi, kwenye satelaiti zote zinafika rangi moja. Tena picha ya mwanga inaona ngozi tu ya udongo, haifiki hata sentimita moja, wakati mizizi inakula sentimita 20 huko chini.

Na ile kona ya juu iliyopauka nayo ilikuwa na lake. Mvua ikipiga udongo mtupu inavunja vunja chembe, zile laini zinalala juu, jua likiwaka unapata ukoko kama wa wali. Niliubandua kwa ncha ya kisu, mwembamba kama ukucha, juu laini umepauka unarudisha mwanga, nikaugeuza, chini yake udongo mwekundu ule ule wa kwetu. Ukipiga jembe ukoko ukavunjika, shamba hilo hilo kesho yake linaonekana jeusi zaidi na hujaongeza hata kiganja cha samadi.

Mabua ndo yanadanganya wengi. Watu wanachuja picha kwa NDVI, kile kipimo cha ukijani wa mimea, wakiona iko chini wanasema hapa udongo mtupu, lakini NDVI inatafuta kijani, mabua makavu haiyaoni, kwahiyo sehemu ya unachopima inaweza kuwa mabua. Satelaiti inagawa mwanga kwa mafungu, yanaitwa bendi; wanaojua wanalinganisha bendi ya 11 na ya 12, zile za infraredi ya mawimbi mafupi, mwanga ambao jicho halioni, mabua na unyevu hapo vinajionyesha. Ila ujue udongo wa mfinyanzi nao alama yake iko huko huko, kwenye mawimbi ya karibu mikromita 2.2, kwahiyo udongo ukiwa umelowa au umefunikwa hata kile kipimo cha mfinyanzi kinaharibika. Na bendi hizo pikseli, yaani kila kimraba cha picha, ni mita 20 kwa 20, yaani ekari moja ina pikseli kama 10 tu. Mtu asikwambie pia kwamba picha za satelaiti za rada zinamaliza kazi, rada inapenya mawingu kweli, lakini nayo inasoma unyevu na madongoa kwa pamoja, kuvitenganisha ni shughuli.

Ninavyofanya siku hizi: picha za Sentinel-2 ni za bure, nachukua za miaka 3 au 4, za Januari na Februari kabla masika hayajaanza, naziweka pamoja. Doa likibaki pale pale kila mwaka hapo kweli kuna kitu cha udongo wenyewe, likihama hama hilo ni trekta au mvua ya jana. Halafu nauliza majirani shamba lililimwa lini, hili watu wanalidharau sana na ndo lingeniokoa mimi.

Hiyo uliyopewa na dalali naona imeandikwa Novemba, vuli hiyo, watu wanalima na mvua inanyesha. Tafuta ya Februari ya shamba hilo hilo uiweke hapa tuiangalie, na ukienda kuliona beba jembe na mifuko miwili, chimba sentimita 20 ndani ya doa sehemu kama tano uchanganye, nje ya doa vivyo hivyo, kila mfuko uandike, upeleke Mlingano.