Fuata bili: kwa anayeanza kusoma historia ya Uingereza baada ya 1945

Wengi wanaoanza kusoma historia ya Uingereza ya baada ya vita hufungua madaftari matatu: la siasa za vyama, la sera ya nje, na la mabadiliko ya jamii. Si kosa lao, silabasi nyingi zimepangwa hivyo. Lakini muhula ukiisha, la kwanza limejaa majina ya mawaziri wakuu, la pili limejaa Suez na Ulaya, la tatu limejaa muziki na nywele ndefu, na hakuna hata moja linaloeleza kwa nini jambo lilitokea mwaka ule na si mwingine. Tunakushauri ufungue daftari moja tu. Baraza la Mawaziri lilikuwa moja, hazina ilikuwa moja, na mawaziri waliobishana kuhusu ndege za kivita ndio hao hao waliobishana kuhusu maziwa ya watoto wa shule. Kwa kila tukio, uliza: lililipiwa na nani, na fedha zilikatwa kutoka fungu gani?

Chukua Aprili 1951. Vita vya Korea vilikuwa vimeanza Juni 1950, na serikali ya Clement Attlee ilikuwa imekubali mpango wa silaha wa pauni milioni 4,700 kwa miaka mitatu. Waziri wa Fedha, Hugh Gaitskell, akaleta bajeti iliyowataka wagonjwa walipe nusu ya gharama ya meno ya bandia na miwani, vitu vilivyokuwa bure tangu Huduma ya Taifa ya Afya, NHS, ilipoanza tarehe 5 Julai 1948. Mwaka wa kwanza zilitarajiwa kupatikana pauni milioni 13. Aneurin Bevan, aliyeiasisi NHS, akajiuzulu, na Harold Wilson akajiuzulu naye. Anayesoma afya peke yake ataona ugomvi wa miwani. Anayesoma Vita Baridi peke yake hatamwona Bevan kabisa. Weka milioni 13 kando ya milioni 4,700 ndipo hoja yake inapoonekana: mpango wa silaha hautekelezeki kwa kasi hiyo kwa sababu malighafi na mashine hazitoshi, kwa hiyo msingi wa matibabu bure unavunjwa kwa ajili ya fedha ambazo hazitatumika zote. Winston Churchill aliporudi madarakani Oktoba mwaka huo, serikali yake iliurefusha mpango huo kwa kuwa kweli haukutekelezeka ndani ya miaka mitatu.

Zoezi linalofundisha haya kuliko yote ni kusoma tamko moja: lile Wilson, sasa akiwa Waziri Mkuu, alilolitoa bungeni Jumanne tarehe 16 Januari 1968. Hansadi ya siku hiyo, yaani kumbukumbu rasmi ya mijadala ya bunge, inapatikana bure mtandaoni. Ichapishe, kisha chukua karatasi pana na uchore safu nne: ulinzi na nchi za nje, afya, elimu, mengineyo. Soma kwa utaratibu, na kila unapokutana na hatua iliyotangazwa, iandike kwenye safu yake pamoja na tarehe ya kuanza kutekelezwa. Usiruke chochote kwa kudhani ni kidogo.

Utaona hivi. Majeshi ya Uingereza yataondoka Malaysia, Singapore na Ghuba ya Uajemi kabla ya mwisho wa 1971. Oda ya ndege 50 za F-111 kutoka Marekani imefutwa. Malipo ya dawa zinazoandikwa na daktari, yaliyofutwa mwaka 1965, yanarudi kwa shilingi mbili na peni sita kwa kila dawa. Maziwa ya bure katika shule za sekondari yanakoma. Umri wa kumaliza shule, uliokuwa upandishwe kutoka miaka 15 hadi 16, unasogezwa mbele kwa miaka miwili. Haya yote yamo katika hotuba moja, ya mtu mmoja, alasiri moja.

Sasa rudi nyuma miezi miwili. Jumamosi tarehe 18 Novemba 1967 pauni ilishushwa thamani kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40, punguzo la asilimia 14.3. Hapa ndipo wageni wengi hukwama: ikiwa pauni imeshashushwa, makato ya Januari ni ya nini? Kushusha thamani hufanya bidhaa za Uingereza ziwe rahisi kwa mnunuzi wa nje. Lakini viwanda vikiwa vimeshatingwa na mahitaji ya ndani, bidhaa za kuuza nje hazitatoka popote mpaka serikali na raia wapunguze matumizi. Roy Jenkins, aliyeingia Wizara ya Fedha mwishoni mwa Novemba baada ya James Callaghan kuondoka, alikuwa na kazi ya kupunguza matumizi hayo. Kisiasa, asingeweza kuwagusa wagonjwa na wanafunzi mbele ya wabunge wa chama cha Labour bila kugusa kambi na ndege, wala asingeweza kuwagusa majenerali bila kuonyesha kwamba raia nao wanaumia. Kila kato lilikuwa kinga ya kato jingine. Waziri mmoja, Lord Longford, alijiuzulu kwa sababu ya umri wa kumaliza shule. Kwa ajili ya Singapore hakujiuzulu waziri yeyote, na jambo hilo linakueleza mengi kuhusu chama hicho.

Ukitoka hapo, fuata tamko hilo hadi lilipofikia watu. Novemba 1967 waziri mdogo Goronwy Roberts alikuwa amezunguka Ghuba akiwahakikishia watawala kwamba Uingereza haiondoki. Januari alirudi kuwaambia inaondoka. Lee Kuan Yew, Waziri Mkuu wa Singapore, alikuwa amepanda ndege hadi London siku chache kabla ya tamko na akafanikiwa kusogeza tarehe kutoka Machi hadi Desemba 1971. Ila usiandike kwamba mwaka huo ulikuwa mwisho wa Uingereza katika eneo hilo. Maofisa wake waliendelea katika vita vya Dhofar, na viwanja vya jeshi la anga vya Salalah na Masirah nchini Oman vilibaki mikononi mwao hadi 1977. Neno "kuondoka" katika nyaraka hizi daima lina masharti, yatafute.

Callaghan aliyetoka Fedha alikwenda Mambo ya Ndani, na hapo hadithi inagusa Nairobi moja kwa moja. Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ya 1962 haikumzuia mtu aliyeshika pasipoti iliyotolewa na serikali ya Uingereza yenyewe. Iliyozuiwa ni ile iliyotolewa na serikali ya koloni. Kabla ya uhuru, Mwasia wa Kenya alipewa pasipoti na gavana. Baada ya tarehe 12 Desemba 1963, asiyechukua uraia wa Kenya alipewa na ubalozi wa Uingereza mjini Nairobi, yaani na London, kwa hiyo akawa nje ya zuio la 1962. Kenya ilipobana vibali vya kazi na leseni za biashara kwa wasio raia mwaka 1967, maelfu walianza kusafiri. Muswada wa Callaghan ulipita mabunge yote mawili kwa siku chache tu na ukawa sheria tarehe 1 Machi 1968. Kuanzia hapo, pasipoti haikutosha. Ilibidi mwenyewe, mzazi, babu au bibi awe amezaliwa au kupata uraia ndani ya Uingereza kwenyewe. Waliobaki walitengewa vibali 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Iain Macleod wa chama cha Conservative, aliyekuwa Waziri wa Makoloni kuanzia 1959 hadi 1961, aliupinga muswada huo kwa kura. Ukisoma sheria hii kama sura ya "mahusiano ya rangi" tu utapoteza nusu yake. Ilikuwa pia sura ya mwisho wa dola, iliyoandikwa na wizara ya ndani wakati wizara za nje zikilalamika.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna mtego mdogo wa hesabu hapa. Kenya, Uganda na Tanzania hazikuifuata pauni mwaka 1967. Pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14 hivi. Ukilinganisha mishahara, pensheni au mikopo ya kabla na baada ya Novemba hiyo kwa kiwango kimoja, jedwali lako lote litakuwa na kosa.

Kuhusu nyaraka zenyewe. Hifadhi ya Taifa iko Kew, London, lakini usikimbilie nauli. Mihtasari ya vikao vya Baraza la Mawaziri, kundi la CAB 128, na nyaraka zilizowasilishwa humo, CAB 129, zimewekwa mtandaoni na hupakuliwa bure. Anza na hizo, ujue tarehe, kisha ndipo utafute ofisi ya Waziri Mkuu: PREM 8 kwa Attlee, PREM 11 kuanzia 1951 hadi 1964, PREM 13 kwa Wilson hadi 1970. Mambo ya nje ya kisiasa hadi katikati ya miaka ya 1960 yako FO 371. Afrika Mashariki ya kikoloni iko CO 822.

Muhtasari wa Baraza la Mawaziri una tabia yake. Waziri aliyewasilisha hutajwa kwa cheo, lakini wabishi huyeyuka katika maneno kama "katika majadiliano ilielezwa kwamba". Usichukue ukimya huo kuwa makubaliano. Kwa miaka ya 1940 na 1950 kuna madaftari ya Katibu wa Baraza, kundi la CAB 195, yenye majina ya wasemaji. Kwa Januari 1968 kuna bahati nyingine: Richard Crossman, Barbara Castle na Tony Benn walikuwa mezani na wote waliandika shajara. Zisome zote tatu kwa siku moja hiyo hiyo. Pale wanapotofautiana, kila mmoja anajitetea, na hapo ndipo penye kazi yako.

Faili la wizara, kwa upande mwingine, litafahamika mara moja kwa yeyote aliyewahi kupita masijala. Barua mpya iko juu, ya zamani chini, kwa hiyo lisome kuanzia nyuma. Madokezo hupanda: ofisa wa dawati huandika kwanza, mkuu wa idara huongeza, kisha naibu, kisha Katibu Mkuu, na pengine waziri mwenyewe huandika maneno manne pembeni. Kosa la kawaida kuliko yote katika tasnifu za mwaka wa kwanza ni kunukuu dokezo zuri na refu la ofisa kijana kana kwamba ndiyo sera ya Uingereza, wakati dokezo la juu yake limeandikwa "Sikubali". Kabla ya kunukuu, jiulize nani alisaini mwisho.

Tarehe za sheria nazo hupotosha. Kupitishwa ni siku moja, kuanza kutumika ni nyingine. Sheria ya Malipo Sawa kwa wanawake ilipitishwa 1970 lakini ikaanza tarehe 29 Desemba 1975, kwa hiyo usitafute matokeo yake katika mishahara ya 1972. Sheria ya utoaji mimba ya 1967 ilianza Aprili 1968, na haikugusa Ireland ya Kaskazini. Ile iliyoondoa adhabu kwa mahusiano ya kimapenzi ya faragha kati ya wanaume watu wazima, ya 1967 pia, ilihusu England na Wales tu. Scotland ilisubiri hadi 1980, Ireland ya Kaskazini hadi 1982. Hizi mbili, pamoja na ile ya 1965 iliyosimamisha kunyonga kwa kosa la mauaji, zilikuwa miswada binafsi ya wabunge: David Steel, Leo Abse, Sydney Silverman. Serikali ilitoa muda wa mjadala. Ni sahihi kuandika hivyo, si sahihi kuandika kwamba Wilson alileta miswada hiyo.

Fedha: peni 12 ni shilingi, shilingi 20 ni pauni, hadi tarehe 15 Februari 1971. Nyaraka nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1970 huandika "milioni elfu" pale tunapoandika bilioni.

Zaidi ya yote, jifunze kuziona nyaraka zisizokuwepo. Makubaliano ya Sèvres ya tarehe 24 Oktoba 1956, ambamo Uingereza, Ufaransa na Israel zilipanga kuivamia Misri, hayamo katika mafaili ya London ya wakati huo, kwa sababu Anthony Eden aliagiza nakala ya Uingereza iharibiwe. Tunayajua kwa kuwa nakala ya Israel ilibaki. Mafaili ya makoloni yaliyohamishwa kimya kimya wakati wa uhuru yalifichwa Hanslope Park hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipoyaibua mwaka 2011. Sasa yako Kew, kundi la FCO 141. Mengine yalichomwa. Kwa hiyo kila unapoandika kuhusu uamuzi uliogusa nchi nyingine, tafuta nakala ya upande wa pili: Hansadi ya Kenya, hifadhi za Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar, magazeti ya wiki ile.

Ukifika Kew, utahitaji kitambulisho cha jina na kingine cha anwani ili upewe kadi ya msomaji. Kalamu ya wino hairuhusiwi, beba penseli. Kupiga picha kwa kamera yako ni bure, na hapo wengi huharibu kazi ya siku nzima kwa kurudi na picha mia tatu zisizo na jina. Piga kwanza jalada lenye namba ya faili, kisha kurasa, na kila unapobadilisha faili piga jalada tena hata kama unadhani utakumbuka.