Reli ya mezani ya kwanza: HO au N?

Kaka, umeuliza uwaanzishie watoto wako wa miaka 6 na 9 treni za mfano za HO au za N, yaani saizi mbili za treni hizo. Chukua HO, achana na N kwa sasa. HO ni 1:87, yaani treni ni ndogo mara 87 kuliko ya kweli, N ni 1:160, na mabehewa ya N ni madogo mno kwa vidole vinavyojifunza kuyapanga relini. Plaiwudi ya futi 4 kwa 8 inatosha: duara la kawaida la HO lina kipenyo cha karibu sentimita 92, panabaki nafasi ya stesheni. Meza usiiegemeze ukutani, mtoto hatafika upande wa pili.

Msigundishe kitu mapema. Waache waunganishe reli, waendeshe, wabomoe, wapange upya. Kila kiungio wakipitishie ncha ya kidole. Kikikwaruza, hapo ndipo behewa litaacha njia. Transfoma ya ukutani ishike wewe. Relini umeme ni volti 12 hivi tu.

Vilima tengenezeni kwa magazeti na gundi ya unga, majani kwa vumbi la mbao lililotiwa rangi ya kijani. Huenda wakaipenda kazi hii kuliko treni yenyewe, waachie. Treni ikisitasita, zima umeme, futa reli kwa kitambaa chenye spiriti kidogo.