Jibu: mpapai au mchicha?

Mkuu umeuliza uweke mpapai au mchicha kwenye hako kaeneo ka mita 3 kwa 4 nyuma ya nyumba, mi nakwambia anza na mchicha, tena kwa vile umesema hapo umepanga. Mchicha ukiupa samadi iliyooza vizuri na maji ya kutosha, wiki 3 au 4 hivi unachuma, wakati mpapai ni karibu mwaka ndo uonje tunda la kwanza, sasa mwenye nyumba akitaka nyumba yake kabla ya hapo je? Pembeni chomeka matembele, marando omba tu kwa jirani, ukichuma yanachipua tena.

Ila kama moyo unataka papai kweli, na nakuelewa kabisa maana papai lililoivia mtini la sokoni halifikii, basi weka miche 3 shimo moja usubiri ichanue maua, dume halizai so ling'oe ubakize mmoja wenye afya, bora wenye maua ya jinsia mbili, maana jike peke yake linahitaji dume la jirani ili lizae vizuri. Usipande panapotuama maji aisee, mizizi inaoza fasta. Na kivuli chake kisiangukie tuta, mchicha unataka jua.